Mimosa ni nini?

Mimosa ni juisi ya machungwa iliyochanganywa na divai yenye povu, nusu kwa nusu, ikanywewa baridi kabla ya chakula cha mchana. Maana yenyewe ni hiyo tu. Ila jina limeingia kwenye menyu za hoteli za pwani ya Kenya, kama za Nyali, Bamburi na Diani, bila maelezo yoyote, na watu wengi huliagiza kwa kubahatisha. Jumapili moja nilikuwa kwenye hoteli ya ufuoni, mhudumu akapita na sinia la glasi ndefu nyembamba za rangi ya chungwa. Mama mmoja wa makamo, kavaa buibui, akanyoosha mkono kuchukua. Nikamwahi.

"Shikamoo mama. Samahani, hiyo si juisi tupu."

"Marahaba mwanangu. Kwani ina nini?"

"Ina mvinyo."

Akaurudisha mkono kama aliyegusa jiko la moto. "Astaghfirullah! Na mbona hawasemi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimosa haina harufu kali, haichomi koo, na kwa macho huwezi kuitofautisha na juisi iliyotiwa soda. Neno kokteli nalo linazidisha utata. Kwenye vibanda vya juisi mjini, kokteli ni embe, avokado na pasheni kwenye glasi moja, na mtoto wa chekechea anakunywa. Kwenye baa, kokteli ni kileo kilichochanganywa na kitu kingine. Mimosa ni kokteli ya baa iliyovaa nguo za kokteli ya kibandani. Ukipiga hesabu, divai ya asilimia 12 ikikutana na juisi ya kiasi kilekile, kinachobaki kwenye glasi ni kileo cha asilimia 6. Hiyo ni nguvu ya bia au zaidi kidogo, ila utamu umeifunika.

Jina limetoka kwenye ua. Kusini mwa Ufaransa, mimosa ni mti uliotoka Australia, wa jamii moja na migunga yetu, unaochanua vishada vya vidonge vya manjano laini kama vifaranga. Mtu akaitazama glasi yenye povu la manjano, akaukumbuka mti. Simulizi inayorudiwa zaidi humpa sifa Frank Meier, aliyesimamia baa ya hoteli ya Ritz jijini Paris, na mwaka unaotajwa ni 1925. Wapo wanaobisha, na nadhani ubishi wao una msingi, kwa sababu mchanganyiko wenyewe ulikuwapo tayari. Klabu ya Buck's jijini London ilikuwa ikiwapa wanachama wake Buck's Fizz tangu 1921, kwa divai na machungwa hayohayo. Tofauti ya vinywaji hivi viwili ni kipimo: Buck's Fizz ina divai mara mbili ya juisi, mimosa ni sawa kwa sawa. Chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa kimeandika mililita 75 za juisi na 75 za prosecco, divai yenye povu ya Italia. Kwa hivyo mhudumu akikujazia divai, halafu akakudondoshea juisi ya kupaka rangi, huenda amekufanyia ukarimu, lakini mimosa hajakupa.

Povu je? Aliyewahi kuchungulia kibuyu cha mnazi analijua tayari. Tembo likishuka mtini linakuwa limeshaanza kuchacha. Hamira ya asili inakula sukari ya utomvu, na inapokula huacha vitu viwili, kileo na gesi. Kibuyu kiko wazi, basi gesi inatoroka na kutuachia lile povu jeupe la juu. Sasa fikiria gesi hiyohiyo imefungiwa kwenye chupa nene ya kioo, haina pa kwenda. Inajificha ndani ya kinywaji chenyewe mpaka siku kizibo kitakapotoka.

Watu wa jimbo la Champagne, Ufaransa, hufanya hivyo makusudi. Divai iliyokwisha kuchacha hutiwa sukari na hamira upya, hufungwa, ikachacha mara ya pili humohumo chupani. Msukumo wa ndani hufika mara 5 hadi 6 ya ule wa hewa inayotuzunguka, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Ndiyo maana chupa ni nzito na kizibo kimefungwa kwa waya. Cava ya Uhispania hutengenezwa kwa njia hiyo pia, na tangu 1971 Afrika Kusini nayo ina yake, inayoitwa Cap Classique. Prosecco ya Italia kwa kawaida huchacha mara ya pili kwenye tangi kubwa, kisha ndipo hutiwa chupani, na ndiyo sababu huwa nafuu na harufu yake ni ya matunda mabichi. Sisi mtaani zote tunaziita shampeni. Kisheria, katika nchi nyingi, jina hilo ni la jimbo lile la Ufaransa peke yake, lakini sidhani kama kuna atakayekukamata sokoni Kongowea kwa kosa la msamiati.

Kwa mimosa, shampeni ya kweli ni pesa iliyomwagwa. Bei yake inalipia harufu ya mkate na njugu inayotokana na miaka ya kulala chupani juu ya hamira, na chungwa litaifunika harufu hiyo kwa sekunde moja. Nunua ya bei ya kati, prosecco au cava au ya Afrika Kusini. Cha kuangalia zaidi ni neno lililo kwenye karatasi ya chupa. Brut maana yake sukari haizidi gramu 12 kwa lita, na hiyo ndiyo unayoitaka, kwa kuwa utamu utaletwa na juisi. Ukikuta "extra dry" usidhani ni kavu zaidi: ina gramu 12 hadi 17. Demi-sec ni tamu kabisa, 32 hadi 50, na ukiichanganya na machungwa ya pwani utapata sharubati.

Pesa iliyobaki ipeleke kwa muuza machungwa. Nusu ya glasi ni chungwa, na kwa chungwa Mombasa haina la kujifunza Paris. Menyu nyingi za hoteli huonyesha picha ya chungwa linalong'aa kama jua, na mgeni akifika sokoni akakuta ya kijani hudhani ni mabichi. Si mabichi. Ganda la chungwa huacha ukijani wake pale usiku unapokuwa wa baridi, na usiku wa Mombasa hauna baridi hiyo. Ndani limeiva. Lipime kwa mkono: zito kuliko umbo lake, ganda jembamba na laini, limejaa maji. Lenye ganda nene lililokwaruza mwachie mwenyewe. Chungwa moja la kiasi hutoa juisi ya kutosha mimosa moja hivi, na chupa ya divai ya mililita 750 hutosha glasi 10, basi machungwa kumi na mawili yanatosha, mawili kati yake ya kula ukikamua.

Joto letu lina athari nyingine. Machungwa ya nchi za joto huwa matamu lakini hupungukiwa ukali, na juisi isiyo na ukali ikikutana na divai hulala ulimini. Dawa ni ndimu, matone machache kwa kila glasi. Mimi hupendelea danzi nikibahatika kuliona, lile chungwa chachu ambalo wengi huliacha. Juisi yake peke yake inakunja uso, lakini kijiko kimoja cha chai ndani ya glasi huamsha kila kitu. Chenza nalo lafaa, ingawa ni tamu zaidi na linahitaji ndimu zaidi. Balungi lina uchungu wake wa heshima na hutoa kinywaji cha watu wazima, si cha kila mgeni. Lugha yetu ina jina kwa kila mmoja wa ndugu hawa, na aliyetunga mimosa alimjua mmoja tu.

Juisi ya pakiti usiitie. Imechemshwa, na utaisikia. Kamua asubuhi hiyohiyo, kisha pitisha kwenye chujio la chai, kwa sababu nyuzinyuzi za chungwa huwa kama ngazi kwa gesi: vipovu hujikusanya juu yake, vikapanda na kwenda zao. Juisi yenye nyuzi humaliza povu kabla hujapokea glasi.

Adui mwingine ni joto. Gesi hukaa ndani ya kinywaji baridi na hukimbia kwenye cha moto, na hapa kwetu saa nne asubuhi ya Februari jasho linakutoka ukiwa umekaa. Weka chupa na juisi kwenye friji tangu usiku. Kama umechelewa, ndoo yenye barafu na maji, nusu saa. Maji ni lazima, barafu peke yake haiigusi chupa yote. Barafu ndani ya glasi usitie, utakunywa maji yenye rangi.

Kufungua: legeza waya, shika kizibo kwa kidole gumba, inamisha chupa mbali na nyuso za watu, kisha zungusha chupa na si kizibo. Sauti nzuri ni pumzi ndogo. Ule mlipuko wa harusini ni gesi uliyoilipia ikienda Likoni.

Mimina divai kwanza, glasi imeinamishwa, halafu juisi juu yake taratibu. Juisi ni nzito, itashuka na kujichanganya yenyewe. Ukianza na juisi, povu hupanda kwa hasira na kufurika mezani. Usikoroge.

Na kwa nini asubuhi? Kwa sababu ya branchi, mlo wa kati ya chamsha kinywa na chakula cha mchana. Mwingereza Guy Beringer ndiye aliyeutetea kwa maandishi mwaka 1895, akisema Jumapili watu waliokesha Jumamosi waachwe walale. Kwetu hakuhitajika mtetezi. Mahamri na mbaazi za nazi vimeliwa saa tano asubuhi tangu zamani. Hapa mimosa ya asubuhi ni mambo ya hoteli zaidi, pia kwa sababu sheria ya vileo ya 2010 iliziwekea baa za kawaida saa nane mchana kuwa saa ya kufungua wikendi. Ukinywa mimosa mezani, viazi karai vyenye ukwaju na pilipili ndivyo vinavyopatana nayo kuliko vyote, kwani ukali na povu hukata mafuta. Kaimati ziache za jioni na kahawa chungu.

Kwa asiyekunywa, juisi ileile iliyochujwa, ndimu, na maji baridi yenye gesi badala ya divai, sawa kwa sawa. Ukipenda, ponda kipande cha tangawizi mbichi na ukamulie humo. Ndicho alichokunywa yule mama, glasi mbili. Tahadhari moja: chupa zinazoandikwa kuwa ni divai isiyo na kileo mara nyingi huruhusiwa kubaki na hadi nusu ya asilimia moja, kwa hivyo anayejizuia kwa dini atazame karatasi, au ashike maji yenye gesi na machungwa yake.