Maana nyingi za neno "set" na vitenzi vyetu vinavyolijibu

Neno la Kiingereza "set" lina herufi 3 tu, lakini katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, kitenzi hicho kilipewa maana zaidi ya 400. Mwanafunzi anayefungua kamusi ndogo hukuta maana ya kwanza, "weka", akaridhika nayo, na hapo ndipo makosa mengi ya tafsiri yanapoanzia.

Asili ya kitenzi hicho inasaidia kukielewa. Kilitokana na neno la kuketi, na uhusiano wa maneno hayo mawili ni ule ule wa "keti" na "ketisha" katika Kiswahili, kwa hiyo wazo la msingi ni kukifanya kitu kikae mahali pake kikatulia. Nomino yenye maana ya kundi la vitu vinavyokwenda pamoja ina asili nyingine, kwani ilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, nayo ndiyo tuliyoiazima tunaposema seti ya vikombe, au seti katika hisabati.

Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kubeba maana zote hizo, na sioni kwamba huo ni upungufu, kwa sababu lugha yetu huuliza kwanza ni kitu gani kinachotendwa. Mvuvi wa Tanga hutega dema, mwalimu hutunga mtihani, fundi wa mifupa huunga mfupa uliovunjika, na mwenye nyumba huandaa meza. Katika kila tendo hapo Mwingereza angeweza kusema "set". Jua nalo hutua au huchwa. Wako wanaopenda kuandika kwamba jua limezama baharini, jambo linalowezekana kwa mtu wa pwani ya magharibi, lakini anayesimama Tanga huiona bahari upande wa mashariki, na jua lake hutua bara, upande wa milima ya Usambara.

Mfano ninaouthamini zaidi ni wa saruji, bidhaa ambayo watu wa Tanga wanaifahamu vyema kwa kuwa na kiwanda chake Pongwe. Kiingereza husema saruji "imeset", na wengi hutafsiri kwamba imekauka. Tafsiri hiyo inapotosha, kwa kuwa saruji huwa ngumu kutokana na kuungana kwake na maji, wala si kwa kuyapoteza, na ndiyo sababu fundi mzuri humwagilia zege siku kadhaa baada ya kulimwaga. Mafundi husema saruji imeshika, na neno lao ni sahihi kuliko lile la kwenye tafsiri nyingi za vitabuni.

Msemo "set sail" nao hautafsiriwi kwa kuweka tanga. Ikiwa mabaharia wanapandisha tanga lenyewe, wanalitweka. Ikiwa maana ni kuanza safari, chombo kinang'oa nanga. Waingereza wameendelea kuutumia msemo huo hata kwa meli za injini zisizo na tanga lolote, kama nasi tunavyosema mashindano yameng'oa nanga katika uwanja ulio mbali kabisa na bahari.