Je, wajua? Kwa nini maji ya tangi moja la samaki hutoa majibu mawili

Mtu wa Nyakato, Mwanza, ana tangi la samaki sebuleni. Asubuhi amepima pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (ikishuka, asidi imezidi), akapata 7.4. Jioni amerudi na kipimo kilekile, maji yaleyale, akapata 8. Nitrati, chumvi itokanayo na taka za samaki, juzi ilisoma miligramu 40 kwa lita, leo inasoma 5, na maji hajayagusa. Hapo wengi husema kipimo ni feki. Feki zipo sokoni, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi kipimo hakina kosa.

Tuanze na pH, maana huyu alipata majibu mawili na yote mawili ni sahihi. Usiku samaki, mimea na mwani wote wanatoa hewa ya ukaa. Ikiyeyuka majini inakuwa asidi hafifu, basi pH inashuka hadi karibu na mapambazuko. Jua likitoka, mimea inaifyonza hewa hiyo kutengeneza chakula chake na pH inapanda hadi alasiri. Ziwa Victoria lenyewe liko hivyohivyo: kwenye ghuba zenye mwani mwingi, pH ya mchana yaweza kuvuka 9. Kwa hiyo anayetaka kujua kama tangi lake limebadilika apime saa ileile kila mara. Maji ya kisima kirefu nayo hutoka ardhini yamejaa hewa ya ukaa. Ukiyapima papo hapo yatasoma chini, kwa hiyo yaache kwenye ndoo wazi hadi kesho yake.

Wakazi wa kando ya ziwa wana mtego mwingine wa peke yao. Kipimo cha pH kinachouzwa sana, kile kinachotoka njano kwenda kijani hadi bluu, ukomo wake ni 7.6. Maji ya 7.6 na maji ya 8.8 yote yatakupa bluu ileile. Ukiona bluu kamili, hujapata jibu bado. Tafuta kipimo cha pH ya juu.

Nitrati ndiyo inayowaangusha wengi. Dawa ya kugeuza rangi haiitambui nitrati, inatambua nitriti, ndugu yake nitrati. Kwa hiyo katika vipimo vingi vya matone, chupa ya pili ina chembechembe za metali, kwa kawaida zinki, zinazoibadilisha nitrati kuwa nitriti kwanza. Chembe hizo hazikai juu. Chupa ikikaa kabatini wiki mbili zinatuama na kugandamana kitakoni, na wewe ukidondosha matone unadondosha maji matupu. Jibu linakuwa 5 badala ya 40, na unafurahi bure. Maelekezo yakisema tikisa nusu dakika, tikisa nusu dakika kwa saa, na kwa nguvu. Kama zimegandamana, gonga kwanza kitako cha chupa mezani. Kisha tikisa kijichupa chenye maji kama ulivyoagizwa, subiri dakika zilizotajwa, usome hapohapo. Ukikiacha ukaenda kupakua ugali, rangi itaendelea kukolea. Na tangi jipya lenye nitriti nyingi litakudanganya upande wa pili, kwa sababu kipimo kitaihesabu nitriti hiyo nayo kama nitrati.

Kuhusu makosa ya mkono wa mpimaji sitasema mengi. Suuza kijichupa kwa maji yaleyale unayoyapima, jaza hadi mstari, shika chupa ya dawa wima ili matone yalingane, na usizibe mdomo wa kijichupa kwa kidole. Jasho lina amonia, taka ileile wanayotoa samaki. Rangi isome mchana karibu na dirisha, si chini ya taa ya njano. Karatasi za kuchovya zifunge kabisa kila unapomaliza, maana unyevu wa huku huziharibu hata kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Amonia ina jambo lake. Vipimo vya kawaida vinakupa jumla ya amonia, ilhali sumu kali kwa samaki ni sehemu moja tu ya jumla hiyo. Kwenye joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu hiyo haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye 9 inapita theluthi. Maana yake amonia ya miligramu 1 kwa lita, ambayo mwenye maji ya pH 7 angeivumilia siku moja mbili, inaweza kuua furu wako, wale samaki wadogo wa ziwani, mchana mmoja pH ikipanda. Wafugaji wa ng'ambo wanaotunza Haplochromis nyererei, furu wa miamba ya Ghuba ya Mwanza aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, hawasomi amonia bila kusoma pH. Wenye sato wa bwawani wafanye hivyohivyo.

Ukilinganisha vipimo viwili vya kampuni tofauti, angalia kwanza vinahesabu nini. Kimoja chaweza kuhesabu nitrati nzima, kingine naitrojeni iliyomo ndani yake tu. 10 ya hicho cha pili ni sawa na 44 ya cha kwanza.

Ukitaka kukijaribu kipimo chako, tafuta maji ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha nitrati sifuri au karibu na sifuri. Yapime yenyewe kwanza. Kisha changanya nusu kwa nusu na maji ya tangi, upime tena. Tangi likisoma 40, mchanganyiko usome kama 20. Ukibaki 40, basi huenda rangi ilikuwa imefika ukomo wa kadi ya kulinganishia rangi na nitrati halisi iko juu zaidi. Ukikupa 5, rudi kwenye ile chupa ya pili uitikise.