Columbia haikuangushwa na uchakavu
Wengi huamini kwamba vyombo vya anga vya Marekani, Challenger na Columbia, viliangamia kwa kuwa vilirushwa mara nyingi hadi vikachoka. Sivyo. Januari 2003, Columbia ikipaa, kipande cha povu gumu la kuzuia joto kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta kikatoboa ukingo wa bawa la kushoto. Siku 16 baadaye, wakati wa kurudi, gesi yenye joto kali ilipenya humo, na wanaanga saba wakafa. Na tangi lile lilikuwa jipya kabisa! Ndilo sehemu kubwa pekee iliyotupwa kila safari.

Tatizo lilikuwa mpangilio. Injini kuu zilitakiwa kurudi zitumike tena, kwa hiyo zilifungwa kwenye chombo chenyewe, nacho kikakaa ubavuni mwa tangi. Chochote kilichobanduka juu kiliweza kukigonga.

Challenger, 1986, iliponzwa na mpira wa kuziba maungio ya roketi ya pembeni, uliokakamaa kwa baridi. Wanaanga hawakuwa na njia ya kutoroka. Mwaka 1983, roketi ya Soyuz ya Muungano wa Sovieti iliwaka moto ingali chini. Kapsuli, yaani chumba cha wanaanga, ilikuwa kileleni, ikafyatuliwa mbali, na wote wawili ndani wakapona.