Je, wajua kwa nini pombe humnasa ndugu mmoja na kumwacha mwingine?

Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, huko Iringa na Njombe, ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kukaa kilabu kimoja wakinywa kutoka mbeta ileile, chombo cha mwanzi. Mvua zikikata, mmoja anarudi shambani kama kawaida. Mwenzake anahamia kwenye komoni, pombe ya nafaka, kisha gongo, na asipoipata asubuhi mikono inatetemeka. Majirani watasema hana msimamo, au karogwa. Lakini tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu nusu ya tofauti za watu katika hatari ya uraibu wa pombe hutokana na urithi.

Jeni zilizozoeleka katika habari hii ni zile zinazoliwezesha ini kuvunja pombe. Zisizosemwa sana ni jeni za kinga ya mwili, ile inayopambana na vijidudu.

Ubongo una seli zake za ulinzi, ziitwazo mikroglia. Juu yake kuna kipokezi cha TLR4, ambacho kazi yake ni kutambua vipande vya ngozi ya bakteria. Mtu akinywa sana na kwa muda mrefu, ukuta wa utumbo hulegea, vipande hivyo vikapenya kwenye damu na kufika kwenye ini. Ini nalo hutoa kemikali za tahadhari, saitokini, na ujumbe wake hufika mpaka kichwani. Mikroglia zikishaamka huongeza saitokini zao, na hizo huvuruga mifumo ya dopamini na glutamati, kemikali za ubongo, inayoongoza raha, hofu na hamu. Mnywaji anajisikia mnyonge na mwenye wasiwasi, anatafuta glasi ya kumtuliza, na glasi hiyo inazidi kuziamsha mikroglia.

Hapa ndipo urithi unapoingia. Tofauti ndogo za jeni huamua saitokini zitoke kwa wingi gani, na breki zake, kama saitokini ya kutuliza iitwayo IL-10, zikamate upesi kiasi gani. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, panya walioondolewa jeni za kinga kama IL-6 na CD14 walikunywa pombe kidogo kuliko wenzao. Hata hivyo tusikimbilie hitimisho: mwaka 2017 maabara kadhaa ziliichunguza TLR4 yenyewe kwa panya, na kuiondoa au kuizuia hakukupunguza sana unywaji. Hakuna jeni moja ya ulevi. Ziko nyingi, kila moja ikisukuma kidogo, na umri wa kuanza kunywa, msongo wa mawazo na upatikanaji wa pombe huongeza uzito wake.

Kwa hiyo usitafute kipimo cha damu cha kukuambia kama utanaswa, hospitali hazina. Kinachofaa ni kuitazama familia. Kama baba, mama au ndugu yako aliteswa na pombe, hatari yako iko juu. Chelewesha kuanza, ikae mbali na vijana wa nyumbani, na usiitumie kama dawa ya usingizi au ya huzuni.

Na aliyekwisha kunaswa asifungiwe chumbani "aache kwa nguvu", kosa ambalo familia nyingi hulifanya kwa nia njema. Aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, mitetemo na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne huweza kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Mpelekeni hospitali kabla hajakata. Mwambieni daktari anakunywa nini, kiasi gani, na glasi ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Atapewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Mnywaji asiyekula vizuri huwa na upungufu wa vitamini hiyo, na akiwekewa dripu ya glukosi bila kupewa B1 ubongo unaweza kudhurika.