Hapana, Hawakuwa Wamekufa: Dhana Potofu Kuhusu Mwisho wa Lost

Tamthilia ya Lost, hadithi ya abiria walionusurika ndege yao ilipoangukia kisiwani, ilifungwa tarehe 23 Mei 2010 kwenye kituo cha ABC cha Marekani, baada ya misimu sita na sehemu 121. Dar es Salaam tuliimaliza kila mtu kwa wakati wake. Wapo waliomalizia kwenye DVD za Kariakoo, wapo waliowekewa kwenye flashi katika maduka ya muvi ya Sinza na Mbagala, na wapo wanaoipakua sasa hivi kwenye simu kwa bando la usiku. Njia ni nyingi, hukumu imekuwa moja. Itaje kijiweni uone: kabla hujamaliza jina, mtu ameshakudakia, "Si wale waliokuwa wamekufa tangu mwanzo?"

Si kweli. Na uongo huu una hasara, kwa sababu umewafanya watu wengi waipite tamthilia nzuri bila kuigusa, na waliofika mwisho wakaondoka wakiamini wamedhulumiwa usiku wao wote wa kukesha. Nitataja nani anakufa na nani anabaki. Ambaye hajaiona na anataka kuiona, aishie hapa.

"Walikufa wote siku ndege ilipoanguka"

Hii ndiyo kubwa lao.

Ndani ya hadithi, ndege ya Oceanic 815 iliyotoka Sydney kwenda Los Angeles ilikatika vipande angani tarehe 22 Septemba 2004. Watu tuliowaona wakivutana kutoka kwenye mabaki pale ufukweni walikuwa hai. Walipata njaa, walipendana, walizaa, waliuana. Waliofia kisiwani walifia kisiwani, na waliotoka walitoka kweli.

Jibu limewekwa wazi kwenye sehemu ya mwisho kabisa, katika mazungumzo ya dakika chache kati ya Jack, mhusika mkuu, na baba yake, Christian Shephard, kwenye chumba cha kanisa, pembeni ya jeneza tupu. Jack anataka kujua kama wenzake nao wamekufa. Baba yake anamjibu kwamba kila mtu hufa siku yake: wapo waliomtangulia, wapo waliokufa muda mrefu baada yake. Anamhakikishia kwamba yote yaliyompata maishani yalitokea kweli. Kisha anamweleza kuwa mahali walipo sasa wamepatengeneza wenyewe, kwa pamoja, ili wapate kuonana tena.

Basi kilichoonekana kanisani ni mkutano wa watu waliokufa kwa nyakati tofauti sana, huenda wengine wakiwa wazee wenye wajukuu. Ushahidi mwingine uko nje ya mlango. Ben, aliyewahi kuwa kiongozi wa wenyeji wa kisiwa, amekaa kwenye benchi, hataki kuingia. Hurley, mmoja wa abiria, anatoka kumuita, na kabla ya kuagana wanasifiana jinsi walivyofanya kazi pamoja, Hurley akiwa mlinzi mkuu wa kisiwa na Ben akiwa msaidizi wake. Kazi hiyo waliianza siku Jack alipokufa. Hatukuonyeshwa hata siku moja ya utumishi wao, lakini wao wanaikumbuka. Kama wote wangekuwa marehemu tangu mwaka 2004, mazungumzo hayo yasingekuwa na maana yoyote.

Sasa kosa lilitoka wapi? Kwanza lilitoka Marekani kwenyewe. Usiku ule, majina ya waigizaji na mafundi yakipita, ABC ilionyesha picha za mabaki ya ndege yakiwa ufukweni, mawimbi yakipiga, hakuna mtu hata mmoja. Watazamaji wakasoma ujumbe ambao haukuwepo: kumbe hakupona mtu. Ikabidi kituo kieleze kuwa picha zile kiliziweka chenyewe ili mtu apate kupumua kabla ya taarifa ya habari, na kwamba si sehemu ya hadithi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Huku kwetu likaongezwa na namna tulivyoitazama. Nakala nyingi zilibanwa ili msimu mzima uingie kwenye diski moja. Sauti hafifu, maandishi ya chini hayapo, au yapo lakini yanachelewa. Na mazungumzo ya Jack na baba yake ni ya sauti ya chini, Kiingereza kitupu, hakuna kinachotokea zaidi ya watu wawili kusimama na kulia. Mtu aliyenyimwa maneno hayo amebaki na nini? Jeneza, kanisa, marehemu wote wamevaa vizuri wanakumbatiana, mlango unafunguliwa, mwanga mweupe unajaa. Kwa macho peke yake, kusema "kumbe walikufa wote pamoja" ni hitimisho la mtu mwenye akili timamu. Simlaumu hata kidogo. Ninachodai ni kwamba neno lililomponyoka lipo, na linabadilisha kila kitu.

Tena chumba kile kimeandaliwa kwa uangalifu mkubwa. Dirisha la vioo vya rangi nyuma ya jeneza lina alama za dini sita: mwezi na nyota ya Uislamu, msalaba, nyota ya Daudi, Om ya Wahindu, gurudumu la Wabuddha, na ile duara nyeusi na nyeupe ya Watao. Waandishi walikuwa wanakwepa kabisa kusema hii ni pepo ya dini fulani. Mtazamaji Mwislamu atawaza barzakhi, pale roho zinaposubiri baada ya kifo, na anakaribia, ila hapa hakuna anayesubiri kuhesabiwa matendo. Wanasubiriana wao kwa wao. Katika mji kama huu wetu, ambako adhana na kengele ya kanisa vinasikika mtaa mmoja, dirisha lile lilistahili kujadiliwa kuliko lilivyojadiliwa.

"Bomu ndilo lililozaa dunia ya pili"

Dhana hii ina heshima yake, kwa sababu waandishi walitaka tuiamini. Msimu wa tano unaisha mwaka 1977, wahusika wakiwa wamerushwa nyuma kwenye wakati, na mmoja wao, Juliet, akiligonga kwa jiwe bomu la haidrojeni chini ya shimo. Msimu wa sita unafunguka ndani ya ndege ileile, safari hii ikitua Los Angeles salama salimini. Locke, aliyekuwa akitembea kisiwani, yuko kwenye kiti cha magurudumu, anafundisha shule. Sawyer, tuliyemjua tapeli, ni askari mpelelezi. Jack ana mtoto wa kiume. Mpenzi wa hadithi za sayansi anahesabu haraka: historia imebadilishwa, dunia zimekuwa mbili.

Hazikuwa mbili. Bomu liliwarudisha tu wale watu kwenye wakati wao, mwaka 2007, na historia ikabaki vilevile. Pale tulipodhani ni dunia sambamba ndipo palepale mahali ambapo Christian anakuja kupaeleza. Dalili ziliachwa mapema. Kwenye sehemu ya kwanza ya msimu huo, Jack anaingia msalani ndani ya ndege na kukuta shingo yake inavuja damu, hajui imechanikaje. Sehemu ya mwisho, juu ya jabali, adui yake, kiumbe cha kisiwani kilichovaa sura ya Locke, anamchana shingo kwa kisu mahali palepale. Mwili unakumbuka kifo ambacho akili imekisahau. Nilipoliunganisha hilo nilirudia msimu wote, na ukawa mzuri zaidi mara ya pili.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapotofautiana na waandishi. Msimu wa tano ulikuwa wa kisayansi kuliko yote: watu wanarushwa huku na huku kwenye wakati, na kanuni ni moja tu, lililokwisha kutokea haliwezi kuzuiwa. Ilikuwa kanuni kali na waliiheshimu. Kisha msimu wa mwisho unatumia karibu nusu ya muda wake kutufumbia kitendawili ambacho jibu lake halina uhusiano na sayansi ile. Aliyekuwa anafuata Lost kwa ajili ya sumaku-umeme na mahesabu ya wakati ana haki ya kulalamika. Alipewa jibu la roho kwa swali la fizikia. Mimi nalikubali jibu lenyewe. Nasikitika tu kwamba njia ya kulifikia ilipitishwa kwenye hekalu lile la mwanzo wa msimu, ambako wahusika wanazungushwa wiki kadhaa na watu wapya ambao muda si mrefu wote wanakufa au kukimbia.

"Hawakujibu chochote"

Walijibu mengi, ila waliyatawanya. Ndege ilianguka kwa sababu Desmond, aliyekuwa akilinda mtambo wa sumaku-umeme chini ya ardhi kisiwani, alichelewa kubonyeza kitufe kilichotakiwa kubonyezwa kila baada ya dakika 108. Hilo liko mwisho wa msimu wa pili. Ukijumlisha namba zinazojirudia kwenye tamthilia nzima, 4, 8, 15, 16, 23 na 42, unapata 108. Na namba zenyewe ni za watu: pangoni, Locke ni 4, Hurley 8, Sawyer 15, Sayid 16, Jack 23, na 42 ni ya ukoo wa Kwon, wa mume na mke Jin na Sun. Hao ndio Jacob, mlinzi wa kale wa kisiwa, aliowapima kuona nani amrithi kukilinda kisiwa. Minong'ono ya msituni ni roho za waliofia pale na kushindwa kuondoka. Michael, abiria wa zamani ambaye sasa ni mmoja wao, anamweleza Hurley mwenyewe. Moshi mweusi, yule adui wa Jack, ni ndugu yake Jacob. Dubu weupe waliletwa na watu wa DHARMA, kundi la watafiti waliowahi kukaa kisiwani, kwa majaribio yao.

Tatizo la wengi ni kwamba sehemu mbili zinazobeba mzigo mkubwa wa majibu ndizo zinazorukwa, kwa kuwa hazina wahusika tuliowazoea. Ya kwanza ni "Ab Aeterno", hadithi ya Richard, mshauri wa Jacob asiyezeeka, kutoka Tenerife mwaka 1867, akiwa mtumwa kwenye meli ya Black Rock. Humo Jacob anatumia chupa ya mvinyo na kizibo chake kumfahamisha kisiwa kina kazi gani. Ya pili ni "Across the Sea", inayoonyesha Jacob na nduguye wakiwa watoto. Ya pili naiona imekosewa mahali. Iliwekwa mara tu baada ya Sun na Jin kuzama pamoja ndani ya nyambizi, wakimwacha binti yao Ji Yeon kwa bibi yake Korea. Mtazamaji ana msiba mkononi, anapelekwa karne nyingi nyuma kwa watu asiowajua. Lakini kukosewa mahali si sawa na kukosekana.

Yapo kweli yaliyoachwa. Nani aliyewafyatulia risasi Sawyer na wenzake wakiwa kwenye mtumbwi msimu wa tano? Hatukuambiwa. Hilo nalikubali bila kulitetea.

"Waliirefusha kwa tamaa ya hela"

Ni kinyume. Televisheni ya biashara Marekani kawaida huendelea na tamthilia ilimradi watazamaji wapo. Wakuu wa Lost, Damon Lindelof na Carlton Cuse, waliomba wapewe tarehe ya kumaliza, na Mei 2007 ABC ikatangaza kuwa mwisho ni 2010, sehemu 48 zaidi, misimu mitatu ya sehemu 16 kila mmoja. Msimu wa tatu ulikuwa umeshaanza kuonyesha uchovu. Ile sehemu nzima ya kueleza tatuu za Jack, wenyewe waliitolea mfano wa kile kinachotokea ukiwa hujui unamaliza lini. Kisha mgomo wa waandishi wa 2007 hadi 2008 ukakata msimu wa nne ukabaki na sehemu 14, na zilizopungua zikahamishiwa mbele: wa tano ukawa na 17, wa sita 17, kisha wa sita ukaongezewa moja ukafika 18.

Ulinganishe na Sense8, ambayo sehemu ya hadithi yake iko Nairobi. Ilisitishwa mwaka 2017 mambo yakiwa yameachwa yananing'inia, na ni kelele za mashabiki zilizofanya Netflix itoe sehemu moja ndefu ya kufungia, Juni 2018. Lost ilijua siku yake ya mwisho miaka mitatu kabla.

"Steringi alishindwa"

Tumelelewa na muvi ambazo steringi hafi, kwa hiyo Jack kufa kumeonekana kama adui kashinda. Adui hakushinda. Alikufa: Kate alimpiga risasi, Jack akamsukuma kutoka jabalini. Jack, tayari amechomwa kisu, akashuka kurudisha mahali pake jiwe lililoziba moyo wa kisiwa ili kisiwa kisizame. Ndege ya shirika la Ajira, iliyokuwa imewarudisha baadhi yao kisiwani, ikaruka na Kate, Sawyer, Claire, Miles, Richard na rubani Frank. Ulinzi ukabaki kwa Hurley. Kazi aliyoifia ilikamilika yote, na akiwa amelala kwenye mianzi anaiona ndege ikipita juu yake.

Mwisho, lipo jambo ambalo nakala nyingi za mtaani hazikulibeba kabisa. Seti rasmi ya DVD ya msimu wa sita, iliyotoka Agosti 2010, ina nyongeza ya dakika kama 12 iitwayo "The New Man in Charge". Humo Ben anafunga shughuli za mwisho za DHARMA, filamu ya zamani ya mafunzo inaeleza habari za dubu na kugusa hata kwa nini sumaku ya kisiwa ilikuwa hatari kwa wenye mimba, na Walt, mtoto wa Michael, ambaye watu wanadhani alisahauliwa, anafuatwa hospitalini ili arudi kisiwani. Ukienda kuwekewa Lost kwenye flashi, mwambie muuzaji akutafutie na hiyo. Kama hana, usiiandike tamthilia kuwa umeimaliza.