Hizo "dakika 25" za kwenye simu siyo safari yako ya asubuhi

Wiki hii tena. Mume na mke, watoto wawili, nyumba wameshaipenda, wameshajua mpaka kitanda cha mdogo kitakaa chini ya dirisha lipi, wananiwekea simu mbele ya macho: "Ona, dakika 25 tu mpaka kazini." Nikauliza mmeangalia saa ngapi. Jumapili usiku. Jamani! Kazi yangu ni mipango ya usafiri, hili nimelieleza mpaka nimechoka, sasa naliandika mara moja niwe nawatumia watu.

Jumapili usiku unapimiwa barabara tupu, hilo mnalijua. Kinachoniudhi ni kwamba hata ukiiambia apu Jumanne saa moja na nusu asubuhi bado unasoma wastani, na kazini hauchelewi kwa sababu ya wastani, unachelewa kwa sababu ya siku mbaya. Sisi tunaangalia asilimia ya 95. Yaani chukua safari zako 20 za kwenda kazini, zipange kuanzia fupi mpaka ndefu, halafu usome ya 19. Mwezi una siku za kazi kama 20 na kidogo, kwa hiyo kama siku moja hivi kila mwezi utakutana na safari mbaya kuliko hiyo.

Sasa weka vitongoji viwili. Cha kwanza wastani dakika 35, siku mbaya 42. Cha pili wastani 28, siku mbaya 65. Karibu kila mtu anakimbilia cha pili, mimi nakaa cha kwanza bila kufikiria mara mbili, maana kile cha dakika 28 ili ufike kazini kwa uhakika lazima utoke nyumbani kana kwamba safari ni ya zaidi ya saa nzima, kila siku, hata siku ambayo njia ni nyeupe. Na chanzo mara nyingi unakiona kwa macho tu: daraja moja, au barabara moja ya kutokea, lori likizima pale wote mmelala. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu vyumba hesabu njia za kutoka. Kama unategemea treni uliza inapita kila baada ya dakika ngapi, ikipita kila dakika 10 ukiikosa unasubiri, ikipita kila dakika 40 ukiikosa asubuhi yako imekwisha.

Na msiniambie "lakini barabara inapanuliwa". Mchumi wa Marekani Anthony Downs aliandika tangu 1962 kwamba barabara kuu ya mjini ikiongezwa, magari ya saa za msongamano yanaijaza tena. Katy Freeway, barabara kuu ya Houston, Marekani, ilimaliza kupanuliwa 2008, kuna sehemu upana wake unafika njia 26 za magari ukijumlisha na za pembeni, na kati ya 2011 na 2014 muda wa safari ya jioni ukaongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kingine, safari ya mzazi haitoki nyumbani kwenda kazini. Inatoka nyumbani, inapita shule, ndio inaenda kazini, na jioni inarudi kinyume ikiwa na saa ya mwisho ambayo haibembelezeki. Familia moja niliyoishauri wakiwa wameshahama, chekechea ilikuwa inafungwa saa kumi na mbili jioni. Mama anatoka kazini saa kumi na moja, siku nzuri anawahi. Siku mbaya anamkuta mwanaye peke yake kwenye benchi, begi mgongoni, mwalimu kasimama mlangoni funguo ziko mkononi. Aliniambia lile benchi ndilo lililomhamisha tena. Mwaka 2011 mchumi Jennifer Roberts na wenzake walichambua takwimu za Uingereza wakakuta safari ya kazini inaumiza afya ya akili ya wanawake, wanaume hapana, na maelezo yao yalikuwa haya haya, mzigo wa watoto na nyumba. Basi anayemchukua mtoto ndiye aulizwe kwanza, naomba sana.

Shule nitapita haraka. Wastani wa matokeo unakuonyesha zaidi ni watoto gani wanaingia pale, ripoti ya Coleman, utafiti mkubwa wa shule za Marekani, ilishagusa hilo 1966. Shule ndogo inapanda na kushuka kwa sababu ya watoto watatu tu, usiangalie mwaka mmoja. Uliza watoto wamesogea kiasi gani tangu walipoingia, na walimu wangapi wameondoka mwaka jana.

Hapa kuna jambo wenzangu wanalinyamazia. Wachumi Chetty, Hendren na Katz walifuatilia mradi wa Marekani ulioanza 1994 wa kusaidia familia kuhama mitaa maskini, watoto waliohama kabla ya miaka 13 walikuja kuwa na kipato kikubwa kuliko wenzao kwa karibu theluthi moja. Lakini wale walitoka kwenye umaskini mzito. Wewe unayetoka mtaa mzuri kwenda mzuri kidogo zaidi, utafiti ule haukuahidi chochote, na mimi nasita sana kumwambia mzazi aongeze dakika 40 za barabarani kwa ajili ya shule "bora" kidogo, kwa sababu hizo dakika zinatoka kwenye muda wa kukaa na huyo huyo mtoto.

Wale wawili niliwapa kazi moja: Jumanne, watoto wakiwa wamevaa sare, waanzie mlangoni kwa ile nyumba, wapite shule, waende mpaka kazini, jioni warudi hivyo hivyo. Saa mbili kasoro dakika kumi nikapata meseji. Walikuwa bado getini pa shule, na kutoka tu kwenye kitongoji kuingia barabara kuu kulikuwa kumewala dakika 14.