Karatasi ya kotisoli haisemi kama kijana ana saikosisi

"Daktari, homoni ya stresi imetoka kawaida. Basi si saikosisi, ni mawazo ya mitihani tu."

Mama alinisomea majibu hayo kabla hajakaa. Kijana alikuwa amegeukia ukutani, akijibizana kwa sauti ya chini na mtu ambaye sisi hatukumwona. Saikosisi ndiyo hiyo: akili kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo. Kauli ya mama nimeisikia mara nyingi mno, na maabara zinaendelea kupokea pesa za watu.

Kotisoli, hiyo homoni ya stresi, haikai mahali pamoja. Hupanda nusu saa hivi baada ya kuamka, kisha hushuka kutwa nzima hadi chini kabisa usiku wa manane. Karatasi ya mama haikuonyesha damu ilitolewa saa ngapi. Namba ya aina hiyo siisomi. Na anayeamini anawindwa, sindano peke yake yaweza kuipandisha kotisoli yake.

Tofauti zipo, sikatai. Mwaka 2010 watafiti Valeria Mondelli, Carmine Pariante na wenzao wa London walipima mate ya watu waliopatwa na saikosisi mara ya kwanza: kule kupanda kwa kotisoli baada ya kuamka kulikuwa kumefifia. Lakini huo ni wastani wa kundi. Ukichukua mtu mmojammoja, wagonjwa na wazima wanaingiliana, kwa hiyo ikiwa juu, chini au kawaida, hainipi jina la ugonjwa.

Eti dawa za saikosisi ndizo zinazovuruga homoni? Katika utafiti huohuo, waliokuwa hawajafikisha wiki mbili za dawa ndio waliokuwa na kotisoli ya juu mchana kutwa, si waliopita wiki hizo mbili.

Vidonge vya "kushusha kotisoli"? Acheni. Mwili usiotengeneza homoni hii hufa usipotibiwa.

Kipimo nakiagiza nikishuku ugonjwa wa Cushing, yaani kotisoli kuzidi mno mwilini, basi. Cha maana zaidi niambieni kama mgonjwa anameza predinisoloni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, maana dozi kubwa yaweza kuleta saikosisi. Ila msimwachishe ghafla kabla hamjafika kwangu.

Ninachotaka ni daftari la usingizi, hata la shilingi mia tano. Nilimuuliza mama kijana aliacha kulala lini. Akafikiri, akasema tangu mwanzo wa Ramadhani. Kila akiamka kupika daku anamkuta keshakaa sebuleni, akamsifu kwa kuwahi. Kumbe hakuwa ameamka.